Profesa wa Stoo ya Majoho

Jumatatu, 6 Oktoba

Jarida la wahitimu limeomba kila aliyesoma hapa chuoni aandike mambo mawili: mafanikio yake kazini na kumbukumbu yake tamu. Basi kundi letu la simu limechafuka tangu asubuhi. Wenzangu wa mwaka wetu wanavyojimwaga! Mmoja anajenga madaraja. Mwingine anapasua mioyo ya watu na kuifunga tena. Kiberiti, tuliyekaa naye chumba kimoja bwenini, mtu aliyekuwa hajui hata kuchemsha maji, sasa ana viwanda vitatu vya mikate. Ametuma picha amekumbatia tanuri.

Mimi nipo chuo kikuu. Ndivyo ninavyowaambia miaka yote, na si uongo. Nafungua stoo ya majoho saa mbili kamili asubuhi, naifunga saa kumi. Miaka minne iliyopita mtu mmoja kwenye kundi akaniita Daktari. Sikumsahihisha, ningeonekana sina adabu. Mwaka jana nikapanda kuwa Profesa, bila kufanya mtihani wowote.

Leo nimejaza fomu: "Mtaalamu Mwandamizi, Mavazi ya Kitaaluma." Mke wangu, mwalimu wa hesabu, ameisoma akauliza idara hiyo ina watu wangapi. Nikamwambia wawili, mimi na Shangazi wa cherehani. Amecheka mpaka akakaa chini. Hesabu imemharibu huyu mwanamke.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekwisha!

Mhariri wa jarida amekuja stoo. Binti mdogo, miwani mikubwa, daftari mkononi. Nilikuwa nimepiga magoti napima pindo la joho, pini nne mdomoni. Akasema anamtafuta Baba wa Majoho. Amepokea barua mia moja na kumi na mbili za kumbukumbu tamu, na thelathini na moja zinamtaja huyo huyo. Si maktaba, si wahadhiri, si mapenzi ya bwenini. Mtu wa stoo!

Akanisomea moja. Binti mmoja alifiwa na baba yake wiki ya mahafali, akaja kuchukua joho huku analia. Mtu wa stoo akampigia pasi joho upya, akamfunga vifungo, akamwambia, "Tembea polepole, mwanangu. Ukumbi wote ni wako leo." Barua inasema hakumbuki hotuba hata moja ya siku ile ila maneno hayo. Mimi sikumkumbuka huyo binti. Nawaambia wote hivyo. Nusura nimeze pini.

Kisha mhariri akamwaga petroli. Picha ya Baba wa Majoho itakuwa kwenye jalada, na jarida litachapwa Ijumaa usiku, ligawiwe Jumamosi kwenye mkutano wa wahitimu wa zamani. Wenzangu wote watakuwepo! Mwenyekiti ni Kiberiti!

Nikasema Baba wa Majoho yuko likizo hadi Ijumaa. Akauliza mimi basi ni nani. Nikatema pini zote nne kwenye kiganja, taratibu, kwa heshima, nikasema ni Profesa na ninafanya utafiti wa pindo. Ameandika.

Alhamisi, 9 Oktoba

Akili yangu bado inafanya kazi. Nimempata Baba wa Majoho.

Ni Kamanda, mlinzi wa lango kuu. Umri wetu mmoja, kimo kimoja, na ana sharubu zinazoamsha heshima. Nimemweleza kwamba anahitajika kupigwa picha ya jalada, basi, hakuna kingine. Hakuuliza hata kwa nini. Aliuliza tu avae viatu gani.

Nimemfundisha mchana kutwa. Kupima bega. Kushika pini kwa midomo. Kukunja joho mara tatu, si nne. Shangazi alikuwa anatutazama kutoka kwenye cherehani, mwishowe akasema amefanya kazi nami miaka kumi na tisa na leo ndiyo mara ya kwanza anaona mtu akikimbia sifa kwa kasi hivi. Nikamwambia ashone.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kamanda amekuja amenyolewa, ananukia kama harusi. Mhariri akaja na mpiga picha. Nikajificha kati ya majoho meusi, saizi kubwa, napata pumzi kidogo kidogo. Mwanzo mambo yalikwenda barabara.

Halafu Kamanda akaonja utamu wa sifa. Akaanza kusimulia jinsi stoo ilivyokuwa hoi kabla hajaja yeye. Jinsi alivyobuni namba za majoho. Namba ni zangu! Akasema yeye ndiye aliyemfundisha Shangazi kushona, na Shangazi akaguna hadi cherehani ikasimama. Nilivumilia. Nilijikaza kiume.

Mhariri akamwomba amwonyeshe alivyomhudumia yule binti aliyefiwa. Kamanda akamvisha mhariri joho nyuma mbele, akambana kwa pini moja kwenye pazia la dirisha, akasema kwa sauti ya lango kuu, "Haya, twende haraka haraka, foleni ndefu!"

Hapana. Hapana kabisa! Kuna mambo mtu hawezi kuyasikiliza akiwa ndani ya majoho.

Nimejikuta nimetoka. Nimejikuta nimemsogeza Kamanda, nimemgeuzia mhariri joho, nimepiga magoti, pini mdomoni, pindo mkononi. Nikamwambia Kamanda hivi ndivyo inavyofanywa, bwana, na haisemwi hivyo, inasemwa, "Tembea polepole, mwanangu. Ukumbi wote ni wako leo."

Kamera ikawaka mara sita. Mhariri akaniuliza utafiti wa pindo unaendeleaje.

Jumamosi, 11 Oktoba

Sikulala. Nilitaka kujifanya mgonjwa, mke wangu akapima joto na kusema namba haidanganyi.

Nimeamua kufa kiume. Nikaazima kwenye stoo joho jekundu la uzamivu, nikavaa na kofia yake. Nilifikiri nikiingia kwa kishindo watu watanitazama mimi, hawatatazama jarida. Nikasukuma mlango wa ukumbi. Jarida lilikuwa juu ya kila kiti. Jalada: mimi, magoti chini, pini nne. Maandishi makubwa: BABA WA MAJOHO. Na mimi pale mlangoni na joho la watu. Nilitamani sakafu inimeze pamoja na kofia.

Kiberiti akashika kipaza sauti. Akanitazama. Nikajua leo nararuliwa.

Akasema miaka mitatu iliyopita alimleta binti yake kuchukua joho, pindo likawa limefumuka, na mtu wa stoo akapiga magoti dakika ishirini akalishona kwa mkono. Alinitambua papo hapo. Mimi sikuinua uso hata kidogo, nilikuwa natazama uzi. Akasema hakutaka kunifedhehesha, na kundi zima lilikubaliana kuniachia udaktari wangu, na baadaye uprofesa, kwa sababu nilikuwa navifurahia. Kundi zima! Miaka mitatu! Walinipongeza hata kwa utafiti!

Kisha akaomba asimame yeyote niliyewahi kumrekebishia joho, yeye au mwanawe. Nusu ya ukumbi ikasimama. Mpasua mioyo akasimama. Mjenga madaraja akasimama. Kamanda naye akasimama, ingawa hajawahi kuvaa joho maishani.

Nililia. Naandika wazi kwa sababu ni daftari langu: nililia mbele ya watu, na nilifurahi kuliko siku yoyote ya uprofesa wangu. Kiberiti akanikumbatia, akanong'ona kwamba namba ya stoo inaning'inia shingoni mwangu.

Jumapili, 12 Oktoba

Mke wangu amebandika jalada ukutani sebuleni. Amesema yeye aliolewa na mtu wa stoo, na hakuwahi kujutia, ila profesa alikuwa anamchosha. Nimempa ahadi. Kuanzia leo mimi ni nilivyo. Sitaongeza cheo hata herufi moja. Nimejisikia mwepesi, safi, mtu mpya.

Jumatatu, 13 Oktoba

Barua kutoka sekondari yangu ya zamani, mbali huko nilikozaliwa. Na wao wanakusanya habari za wanafunzi waliofanikiwa. Jina, mwaka, kazi.

Nikaandika: Mtunza Majoho. Nikaitazama. Ni kweli tupu, lakini inaonekana fupi kwenye mstari mrefu vile. Wametoa nafasi kubwa, itakuwa dharau kuiacha wazi. Halafu kule hakuna anayesoma jarida letu.

Nikaandika: Jaji. Nikatuma kwa simu.

Mchana mwalimu mkuu amepiga simu, sauti inatetemeka kwa furaha. Ananiita Mheshimiwa. Kumbe shule ina mgogoro wa mpaka na jirani, mwaka wa saba huu, na pande zote mbili zimekubali kupokea uamuzi wangu Ijumaa.

Nimemwambia nitafika saa nne, na kila upande uje na ramani yake.