Nyumba Iliyonenepa Kwenye Runinga

Torkild Bruun alikuwa na kibanda pale Aalborg, Denmark, cha kuhamisha tepu za kamera za video kwenda kwenye diski: harusi, kipaimara, paka wa watu. Siku mteja mmoja alipokuja juu kwamba bi harusi wake amenenepa ghafla kwenye runinga, Torkild aliomba radhi, akafunga mlango, akacheza peke yake. Alikuwa ameona neema.

Maana kosa lenyewe lilikuwa hivi. Kamera inayopiga picha pana huibana picha hiyo ienee kwenye fremu nyembamba, na anayeihamisha lazima aiambie kompyuta: hii ni pana, ivute irudi ilivyokuwa. Sasa wewe ukiipa picha ya kawaida ukaidanganya kuwa ni pana, nayo itavuta vilevile, haina habari. Kila kitu kitatanuka kwa theluthi: bi harusi, paka na, Torkild akawaza, hata nyumba.

Alikuwa na nyumba ya mapumziko ufukweni, nyembamba kama droo. Kitandani unapandia miguuni. Na alikuwa na kiu ya mashua. Klabu ya wenye mashua ilikuwa imemnyima uanachama kwa sababu tu hana mashua, jambo aliloliita ubaguzi.

Akaipiga nyumba video. Kwanza, kwa uangalifu wa daktari wa upasuaji, akaondoa kila cha duara: saa ya ukutani, sahani, hata baiskeli uani. Duara likivutwa huwa yai, na yai ni mmbea. Kisha akapandisha bendera ya taifa, nyekundu yenye msalaba mweupe, maana Mdenmaki gani atapiga picha nyumba yake mlingoti ukiwa mtupu? Hata paka akitimiza mwaka, bendera hupanda.

Diski ikaenda kisiwani Bornholm kwa Ragnhild Kofoed, mjane aliyetangaza kubadilisha mashua ya marehemu mumewe kwa nyumba. Simu ikalia.

"Sebule hiyo, baba! Mtu si anacheza dansi humo?"

"Mama, tumecheza humo watu wanane, na mpiga kinanda amekaa."

"Nije niione?"

Torkild akakohoa. "Safari yote hiyo ya nini? Wewe uniamini nyumba, mimi nikuamini mashua. Au siku hizi hatuaminiani?"

"Ah, hapo umenena! Basi nami nakutumia diski."

Ikaja. Torkild hakuwa mtoto. Alisogeza pua mpaka kwenye kioo akitafuta duara, akalipata: boya limetundikwa ubavuni, la mviringo kama sarafu. Akalipima kwa rula, wima na ubavu. Sawasawa! Na mashua ilikuwa ndefu mpaka raha. Haikuwa na bendera, lakini macho yake yote yalikuwa kwenye boya. Wakatia saini.

Siku ya mashua kuingia bandarini, klabu nzima ilijipanga gatini na bia mkononi.

"Hicho ni kihori cha kushushia watu, sivyo?" mwenyekiti akauliza. "Mashua yenyewe iko nyuma?"

Nyuma hapakuwa na kitu. Ragnhild akashuka, mwembamba kama ufito.

"Mama, umenitapeli!"

"Mimi? Nimekujibu tu."

"Lakini boya..."

"Hili hapa. Lishike."

Lilikuwa yai lililosimama wima.

"Nimelichonga mwenyewe, nikalipaka rangi, nikaidanganya kompyuta yangu kama ulivyoidanganya yako," alisema. "Nyumba nzima haina saa, haina sahani, ukutani msumari mtupu. Nikasema, huyu bwana anaogopa duara. Basi nimpe duara alale vizuri."

"Na uwongo wenyewe uliujuaje?"

"Bendera, mwanangu. Msalaba wetu mikono yake ina unene mmoja, mtoto wa shule anaujua. Wako ule mkono wa wima ulikuwa umenona kama nguruwe wa Krismasi."

"Na nyumba bado unaitaka?"

"Nitazame. Humo nitaenea. Mnene alikuwa mume wangu, na mashua hunitapisha." Akanyoosha kiganja. Torkild akaweka funguo.

Mwenyekiti akajikaza asicheke, akamkunjulia bendera mpya. "Haya, mwanachama. Siku ni yako. Pandisha."

Torkild akapandisha. Upepo ukaitandaza kama imepigwa pasi. Msalaba ulikuwa sawasawa kabisa, wima na ubavu, na chini yake mwanachama mpya alisimama wima kwenye mashua yake, mguu mmoja gatini kwa kukosa nafasi.