Nilivyomloweka Mtoto wa Sinema

Veronika, Paskalina, leo nimefedheheka. Sisemi nimekosea. Kukosea ningekuja kuwaambia tukionana. Nimefedheheka mbele ya ukumbi mzima, kwa kipaza sauti, na Mzungu akiandika.

Mnajua nilivyokuwa na hamu na kazi hii. Gari la sinema la serikali linazunguka kuonyesha watu picha za kilimo na usafi. Picha zenyewe hazina sauti, kwa hiyo husimama mtu pembeni na kipaza sauti akaeleza kinachoonekana. Mtu huyo siku zote ni mwanamume. Leo mchana ilikuwa niwe mimi, hapa hapa Mbeya, kwa majaribio. Nikifaulu, naandikwa kazi. Nikishindwa, Bwana Sinema atasema alijua tangu mwanzo. (Yule Mzungu mwenye ofisi ya picha tunamwita Bwana Sinema. Jina lake lina herufi nyingi zisizo na kazi.)

Aliyenifundisha ni Bi Zuhura, mke wa Mzee Salumu anayeendesha mtambo wa picha. Mama huyu ni mzaliwa wa huko kwenu Iringa, babu zake walikuja na biashara kutoka pwani. Miaka sita amekaa kiti cha mbele cha gari lile akimnong'oneza mtoa maelezo maneno ya kusema. Siku moja pale Mafinga mtoa maelezo alipotelea kilabuni, Bi Zuhura akakishika kipaza sauti mwenyewe. Watu hawakutaka aondoke. Tangu hapo amekishika mara nyingi kuliko huyo mwanamume, na jina lake halimo popote kwenye karatasi za ofisi.

Aliniambia siku ya kwanza, "Mwanangu, mimi nimeshazeeka. Nataka nione jina la mwanamke mmoja kwenye karatasi ile kabla sijafumba macho. Si lazima liwe langu."

Basi mwanamke akikuambia hivyo, utalala? Mwezi mzima sikulala.

Masomo yake ni matatu. La kwanza, usitaje jina la kitu, watu wanakiona, wewe sema kinachofanyika. La pili, watu wakicheka ujue umewashika, ongeza sauti. La tatu, ambalo ndilo kubwa kuliko yote, usinyamaze. Hata gari likiwaka moto, wewe eleza. Ili nizoee alikuwa akinivuruga makusudi. Nikiwa katikati ya maelezo ananivuta kanga, ananifinya mkono, ananiambia "Nyamaza we mtoto, umekosea!" Nikinyamaza, tunaanza upya. Mkono wangu wa kushoto una alama hadi leo.

Sinema yenyewe ilikuwa ya kahawa, na ya pili ya kumwogesha mtoto mchanga. Zote mpya, zimefika juzi kutoka Dar es Salaam, hakuna aliyeziona. Sisi tulikuwa na karatasi za maelezo tu. Ya kahawa nilihifadhi kama Baba Yetu.

Saa nane ukumbi umejaa. Madirisha yamezibwa kwa mablanketi, joto la kupikia. Wazee wenye mashamba ya kahawa wamekaa mbele, wanawake na watoto wao nyuma, na Bwana Sinema pembeni na daftari lake. Bi Zuhura kasimama mlangoni. Mimi nimevaa gauni langu la ubatizo wa mdogo wangu, na kanga mpya begani. (Namshukuru Mungu kwa ile kanga. Mtaona.)

Mzee Salumu akawasha mtambo. Nikaanza.

"Mabibi na mabwana, hili ni shamba la Rungwe. Tazameni jinsi lilivyostawi!"

Nilikuwa mzuri. Msinione najisifu, nilikuwa mzuri. Wazee wanatikisa vichwa. Bwana Sinema kaweka kalamu chini. Nikamwona Bi Zuhura anajifuta jicho kwa ncha ya mtandio.

Kisha kwenye shuka jeupe la kuonyeshea picha akatokea mkulima, anakuja moja kwa moja, anakua, anakua, mpaka uso wake ukawa mkubwa kama mlango wa kanisa. Akatabasamu.

Baba mkwe wangu.

Ninyi wa Iringa sijui mambo haya kwenu yakoje, lakini kwetu Wanyakyusa mwanamke hamtazami baba wa mumewe. Hamtazami, hasalimiani naye, jina lake halitaji. (Hata hapa siliandiki, msinisumbue.) Ukisikia kikohozi chake njiani unaingia migombani na nguo kichwani mpaka apite. Miaka minne nimeolewa, yule mzee hajaniambia hata neno moja, na ni mtu mwema sana. Sasa angenipa vipi habari kwamba Wazungu walikuja kumpiga picha? Naye mume wangu yuko Chunya anachimba dhahabu, ameandika barua mbili kwa mwaka, zote za kuomba soksi.

Mtauliza nilimjuaje wakati sijawahi kumtazama. Nawaambia, mtu unayemkimbia unamjua kuliko unayemsalimia. Mwendo wake naujua, kofia yake naijua, na kule migombani huwa nachungulia kidogo kuona kama kapita.

Sikufikiri. Miguu ilifikiri. Nilikuwa chini ya meza kabla sijajua kwamba kuna meza, kanga imefunika kichwa mpaka mabegani, nimeshika kipaza sauti kifuani kama mwizi aliyeshika kuku.



Hapo ndipo nikakumbuka somo la tatu.

Jamani, kweli ningefanya nini? Kumtazama siwezi, kunyamaza siwezi. Lakini maelezo yote ninayo kichwani! Nikajiambia, Subilaga, eleza. Picha itajiendesha yenyewe. Nikaeleza.

"Zilizoiva zimeshachumwa. Sasa tunaanza kazi ya kusafisha!"

Mtambo ukakwaruza, ukanyamaza, ukaanza tena kunguruma. Sikujali, mitambo ndivyo ilivyo. Kumbe picha ya kahawa ilikuwa imekatika. Na Mzee Salumu, akiogopa Bwana asione anababaika gizani, hakuiunga. Alitoa gurudumu la picha ile akatia la pili.

Kwa hiyo kwenye shuka yupo mama na beseni na mtoto mchanga mnene, anavuliwa nguo. Na chini ya meza nipo mimi.

"Kwanza ondoeni ganda la nje," nikasema. "Menyeni taratibu, msiumize kilichomo ndani."

Mtu akaguna.

"Sasa tieni ndani ya maji. Angalieni vizuri! Inayozama ni nzuri. Inayoelea juu ni mbovu. Itoeni, itupeni, msiionee huruma!"

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Mnakumbuka somo la pili? Nami nililikumbuka. Nikaongeza sauti.

"Acheni ilowe siku mbili! Msiwe na haraka! Baada ya hapo isugueni kwa nguvu, kwa mikono, hata kwa miguu, mpaka isiteleze tena!"

Wanawake kule nyuma wakapiga vigelegele. Moyo wangu ukajaa. Nikasema, kumbe kahawa inapendwa hivi!

Mara mtu akanishika kanga. Akanivuta. Akanifinya mkono wa kushoto pale pale pa siku zote.

"Nyamaza we mtoto, umekosea!" Bi Zuhura, kwa mnong'ono.

Hapo, dada zangu, ndipo hasa nilipojimaliza. Maana nilitabasamu. Chini ya kanga, nilitabasamu! Nikasema moyoni, hunipati leo, mama. Hata siku ya majaribio unanijaribu?

"Kisha anikeni juani juu ya mkeka!" nikapaza. "Geuzeni mara kwa mara isiungue upande mmoja! Na ikikauka vizuri, tieni guniani, shoneni mdomo, mngojee mnunuzi!"

Bi Zuhura akaninyang'anya kanga.

Nikafumbua macho. Kwenye shuka mtoto anapakwa mafuta, anacheka, hana habari. Na mimi nimekaa sakafuni miguu mbele, gauni la ubatizo limeraruka mshono wa kwapa, na ukumbi mzima, wazee wa kahawa kwa wake zao, wanalia kwa kucheka. Mzee mmoja wa mbele alikuwa ameanguka kutoka kwenye benchi na hakuna aliyemwinua.

Bwana Sinema akaamuru mablanketi yafunguliwe. Mwanga ukaingia. Ningeomba giza lirudi.

"Wewe nagonjwa?" akaniuliza.

"Hapana, Bwana."

"Naona nini kwa picha? Nani?"

Nani! Sasa hapo niseme nini? Jina silitaji. Nikanyamaza. Mwezi mzima nimefundishwa kutonyamaza, na nikanyamaza mahali pale pale ambapo neno moja lingeniokoa. Mzee mmoja akanionea huruma, akamweleza Bwana kwamba yule wa kwenye picha ni mkwe wangu. Basi wazee wakaanza kubishana wao kwa wao.

"Picha si mtu," akasema mmoja. "Alikimbia nini?"

"Macho ya picha hukuyaona?" akajibu mwingine. "Yalikuwa yanamtazama! Binti kalelewa huyu."

Bwana Sinema hakutaka kusikia malezi yangu. Akageukia wanawake, maana ana desturi ya kuuliza watu wamejifunza nini, apate cha kuandika. Akasimama mama mmoja mtu mzima wa Mwanjelwa, uso mkavu kabisa, hata kope haichezi.

"Ndaga fijo, Bwana, tumeshukuru," akasema. "Sisi wajinga tulikuwa tunawaosha kwa maji ya vuguvugu, tukawapaka mafuta, tukawanyonyesha wakalala. Nimelea saba hivyo. Kumbe ninyi wenzetu huwa mnawaloweka."

Bwana akaandika! Naapa kaandika! Hakujua kwamba anachekwa yeye na sinema yake iliyosafiri kutoka Dar es Salaam kuja kumfundisha mwanamke wa Mbeya kwamba mtoto huoshwa.

Kisha akafunga daftari, akasema maneno niliyoyaogopa mwezi mzima. Kwamba kazi hii haiwafai wanawake. Kwamba atamrudisha yule bwana wa zamani, yule wa kilabuni.

Nikalia. Siwafichi. Nililia kwa sauti, na kipaza sauti kilikuwa bado kinafanya kazi.

Bi Zuhura hakulia. Alijifunga mtandio kiunoni. Veronika, ungemwona. Mfupi vile, akamsogelea Bwana mpaka Bwana akarudi hatua moja.

"Yule bwana wa zamani," akasema, "aliwaambia watu wa Iringa kwamba mgonjwa wa kifua kikuu hulishwa samadi, kwa sababu alikuwa amelewa na hajui ni sinema ipi. Ukampa kofia mpya. Huyu mtoto hajalewa. Katandikwa na aibu ya kwao, yuko chini ya meza, haoni kitu, na hakuacha neno hata moja. Nionyeshe mwanamume wako anayeweza."



"Na tena," akaendelea, "wiki ijayo gari linakwenda Iringa. Huko hana mkwe. Asipoandikwa yeye, sauti yangu haipandi gari lile. Na mume wangu atakapoumwa mgongo, hutapata wa kukutilia picha."

"Mgongo umeshaanza," akasema Mzee Salumu kutoka kwenye mtambo, na hayo ndiyo maneno pekee niliyomsikia akisema siku nzima.

Bwana Sinema akafikiri. Akatoa karatasi. Akaandika jina langu, kwa wino, Bi Zuhura akiwa amesimama nyuma ya bega lake kuhakikisha kila herufi, ingawa kusoma alijifunzia ukubwani na husoma polepole. Alipomaliza aliligusa jina kwa kidole, wino haujakauka, ukamchafua. Hakuufuta. Mimi nikaanza kulia upya.

Ila kuna sharti moja. Mzungu yule anaamini kweli kwamba akina mama wa Mbeya watawaanika watoto. Amepata hofu. Ameagiza kwamba kabla sijasaini, nipite nyumba kwa nyumba, kwa kila mwanamke aliyekuwa ukumbini, nimsahihishe, naye aweke dole gumba kwenye karatasi kwamba ameelewa. Nilijaribu kumweleza. Bi Zuhura akanifinya. Safari hii nikanyamaza.

Kwa hiyo kesho asubuhi naanzia Mwanjelwa, kwa yule mama wa watoto saba. Nitabisha hodi, nitapiga goti, na nitamwambia kwa heshima zote kwamba mtoto hashonewi guniani. Nawaomba ninyi wawili msicheke. Watakaocheka kesho wananitosha.

Ni mimi ndugu yenu,
Subilaga