Madirisha Niliyoyafungua Mwenyewe

Jumatatu, 4 Januari
Tangu dunia iumbwe hajazaliwa mwenye akili kama mimi. Siku nikifa, madaktari watagombania kichwa changu.

Habari mbaya. Wanataka kufungua shule! Miezi tisa ya raha tangu korona ifunge shule, kisha ghafla, basi. Mwalimu Mkuu kapita nyumba kwa nyumba, barakoa imempanda hadi machoni. Mkutano wa wazazi ni Jumatano. Wakikubaliana, tunaanza wiki ijayo, na mazoezi ya nyumbani yanakusanywa siku hiyo hiyo. Yangu ni meupe pe. Jalada tu lina kitu: nimejichora nimevaa tai.

Kiherehere, kiranja wetu, msichana anayekaa nyumba ya pili, kamaliza yote na kuomba mengine. Kachungulia juu ya ua wa nyumba, kaniuliza nimefika ukurasa wa ngapi. Nikamjibu wenye akili hawahesabu kurasa. Kacheka mpaka barakoa ikamvuka.

Jumanne, 5 Januari
Bwana afya kakagua darasa letu. Kasema madirisha yasipofunguka, shule haifunguki. Yalipigiliwa misumari mwaka juzi kwa sababu ya mwanafunzi mmoja aliyeyafanya mlango kila kipindi cha hesabu. Simtaji. Ni kijana mzuri.

Baba ni seremala, kaombwa kuing'oa. Nikaificha nyundo yake chini ya gunia la mkaa. Mpango safi! Baba wala hakunung'unika. Kaazima koleo kwa jirani, akanikabidhi mimi. Eti aliyesababisha misumari ndiye ataing'oa. Viganja vimetoka malengelenge. Nimejifungulia shule kwa mikono yangu mwenyewe!

Imebaki silaha moja. Bibi. Tunalala chumba kimoja, na Bibi ana kifua. Asubuhi kikimbana kinapiga filimbi. Mimi najifanya nimelala, nabana pumzi yangu mpaka chake kifunguke. Hilo halikuwa la kuandika, ila limeshaandikwa.

Nimemfundisha hotuba: asimame mkutanoni, akohoe kidogo, aseme mjukuu akienda shule atamletea maradhi. Bibi kaitikia kwa kichwa. Kasema mume wangu, wewe una maneno kama wakili.

Jumatano, 6 Januari
Msiba.

Viti vilipangwa kwa kuachana mbali uwanjani, kwa hiyo kila mtu alipiga kelele. Mama yake Kiherehere kasema watoto wanageuka wanyama pori. Kanitazama mimi! Dereva mmoja kasema bora mjinga aliye hai kuliko msomi aliye kaburini. Nikampigia makofi. Baba naye kakiri kwamba anaogopa, maana mimi nalala chumba kimoja na Bibi, mama yake.

Ndipo Bibi akasimama. Akakohoa vilevile nilivyomfundisha. Nikaanza kujipongeza!

Kasema ugonjwa anauogopa kama kila mtu. Lakini miezi yote hii kamwona huyu mume wake akishika kitabu mara moja tu, na alikuwa anaua mende. Fungueni, kasema. Yeye atahamia kwa shangazi mpaka maradhi yapungue, mtoto asome bila kumhofia.

Watu wakashangilia. Bibi akanikonyeza.

Neno la kuhama sikuliandika kwenye hotuba.

Jumapili, 10 Januari
Bibi kaenda. Baba kabeba godoro, mimi birika lake. Nikamwambia sina neno, chumba kitakuwa kikubwa. Kasema Jumapili ijayo nisimame nje ya dirisha lake, nimweleze nilichosoma.

Jumatatu, 11 Januari
Kumbe chumba ni kikubwa mno. Nimeamka nikasikiliza. Kimya.

Shuleni nilikuwa na pilipili shavuni, chini ya barakoa. Mwalimu Mkuu kuanza tu kukusanya mazoezi, nikaitafuna. Nilikohoa! Machozi, kamasi, kila kitu! Darasa zima likatokea madirishani, Kiherehere mbele. Nimeyafungua vizuri, lazima mkubali.

Nimerudishwa nyumbani, mazoezi hayajaguswa. Ushindi!

Kisha bwana afya kamwambia Baba wiki mbili nisitoke. Na kwa Bibi nisisogee kabisa.

Jumapili, 17 Januari
Kiherehere kaniwekea mazoezi mlangoni. Ya zamani na mapya. Yamefungwa kwa kamba kama kuni.

Halafu kaenda dirishani kwa Bibi kumsomea. Dirishani kwangu!

Kuna mpango mpya. Jumapili ijayo nitaazima sare ya Kiherehere, gauni na barakoa, nipite kama yeye. Najua ningeweza kumwambia Baba ukweli, lakini ukweli hauna ufundi. Na Baba ana mkanda.

Ila kuna jambo moja limeharibika. Shangazi kapiga simu. Bibi anaamini naumwa kweli, tena anasema ni yeye aliyeniambukiza. Hali chakula. Anakaa dirishani tangu asubuhi, kifua kinapiga filimbi, na mimi sipo pale kubana pumzi.