Malalamiko Kuhusu Kiganja cha Shemeji

Kwako Shemeji,
Fundi wa injini za dizeli,
Gereji ya nyuma ya kituo cha mafuta.

YAH: KUVURUGWA KWA UNUNUZI WA GARI LA FAMILIA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umelala chini ya gari la mtu kama kawaida yako. Sisi hatujambo, ila mimi nina kinyongo. Nimeona nikiandike kwa heshima, maana nikikutamkia uso kwa uso utacheka, na wewe ukicheka mimi hujikuta nacheka pia.

Shida yetu unaijua. Mama yako mzazi, mama mkwe wangu, magoti yamemgomea, na kila wiki lazima afike kliniki. Amepandishwa pikipiki mpaka ameapa kwamba safari ijayo atatambaa. Niliahidi mbele ya ukoo mzima kwamba atakwenda kwa gari. Kwa mfuko wangu, gari jipya tutaliona kwenye kalenda tu, kwa hiyo tukakubaliana tutafute dizeli iliyotumika, yenye nafasi ya watoto, mama na mkongojo wake. Nikakuomba unisindikize kuchagua. Hapo ndipo nilipojipalia makaa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Huna salamu. Watu wazima wanapeana mikono, wewe unapitiliza hadi kwenye boneti na kuiwekea kiganja kama mzazi anayempima mtoto homa. Ukiikuta ina joto, unageuka na kuondoka bila neno. Ninayebaki kushukuru kwa soda ni mimi.

2. Unawadhania ubaya watu wema. Yule muuza magodoro mwenye gari la kijivu aliliwasha mapema ili tusipate tabu. Mgeni akija, si anapashiwa maji ya kuoga? Wewe ukarimu ule ukauita ujanja. Ukadai dizeli mbovu ikishapata moto huficha maradhi yake, na kwamba ni lazima uiwashe ikiwa imepoa, usikie inavyokohoa na uone inatema moshi wa rangi gani. Shemeji, hata mimi nakohoa kila asubuhi, na dada yako hajanirudisha kwa wazazi wangu.

3. Gari jeupe la nesi lilikuwa limepoa, nikajua sasa tumepata. Ukainama, ukaona raba ya pedali ya breki imelika, ukasema saa ya kilomita inadanganya, gari limetembea zaidi ya hapo. Ulisema mbele ya mumewe.

4. Dalali anayetutafutia gari ananiambia kwamba wauza magari wote sasa wanakuogopa. Ukitokeza tu pale kona, wanaanza kumwagia boneti maji ya barafu. Umewaingiza watu kwenye gharama.

5. Hili ndilo zito. Ugonjwa umeingia nyumbani kwangu. Juzi nilimweleza dada yako kwamba nimeshinda nikifanya kazi, televisheni hata sijaigusa. Hakubishana nami. Alikwenda akaweka kiganja nyuma ya televisheni, kisha akaingia jikoni, na chakula cha usiku nilijipakulia mwenyewe. Ndoa ngapi zitasalimika, shemeji, ikiwa kila kitu kitaguswa?

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, uvae glavu kila unapokaribia gari la mtu, uwaombe radhi wauzaji wote, na kwenye vikao vya ukoo mkono huo ukae mfukoni.

Aidha, nakuarifu kwamba gari nimekwisha kununua, peke yangu, lile lile la kijivu. Nililikuta na joto lake, likawaka kabla sijamaliza kuzungusha ufunguo. Limenifikisha nyumbani likiunguruma vizuri, na mama amelibariki. Hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda watu wanapoaminiana.

Nisalimie mkeo, watoto, mafundi wenzako, na yule mbwa wa gereji ambaye angalau hunusa watu kwanza kabla ya kuhukumu.

Mimi, ninayekuheshimu kwa shingo upande,
Mume wa dada yako.

Tanbihi: Barua hii anakuletea dada yako, kwa miguu. Leo ndiyo siku ya kliniki. Nimezungusha ufunguo mpaka kidole kimeota lengelenge. Gari limekohoa, likatema moshi mweupe uliowafanya majirani wafunge madirisha, kisha likanyamaza. Muuza magodoro hapokei simu. Mama amekaa kiti cha nyuma, amevaa viatu vyake vya kliniki, mkongojo mapajani, na kushuka apande pikipiki amekataa katakata. Hajanilaumu hata kidogo, na hilo ndilo linaloniuma. Amesema tu, "Mwambie mwanangu aje na mkono wake." Njoo, shemeji. Glavu ziache. Boneti utaikuta imepoa, kama unavyopenda.