Jasho la Ndoo

Jumatatu, 4 Machi
Redioni mtaalamu wa saikolojia ya michezo kasema anayefanya mazoezi na wenzake haachi. Wa peke yake moyo humpoa upesi. Kidole kimoja hakivunji chawa, kasema. Nikazima redio. Nyumba kimya. Saa za wateja ninazotengeneza tu ndizo zinazoongea, na zenyewe hazisikilizani. Kila asubuhi wakimbiaji hupita getini kwangu wakicheka. Hawajawahi hata kugeuza shingo. Nataka wanijue. Kukimbia sitaki.

Jumanne, 5 Machi
Mpango! Nimenunua raba nyeupe. Nilipowasikia wanakuja, nikajimwagia ndoo ya maji, nikasimama getini nahema. Nesi mstaafu, kiongozi wao, kanisalimu. Kauliza kama natoka mbali. Nikasema hadi darajani na kurudi. Wakanipigia makofi! Kinyozi, jirani yangu aliyemo kundini, hakupiga. Kijicho hicho. Nimecheka peke yangu mpaka nikavunja kioo cha saa ya mteja.

Alhamisi, 7 Machi
Sasa naitwa Bingwa! Maji ni ya baridi, kifua kinabana, lakini salamu ni salamu. Kinyozi kasema mbele za watu kwamba ajabu, yeye hupita darajani kila siku na hajaniona. Nikamjibu kwamba nikipita mimi, kinachoonekana ni vumbi tu. Wakaangua kicheko. Hata yeye alicheka, mnafiki.

Jumamosi, 9 Machi
Balaa. Wanataka nikimbie nao, tena niwe mbele! Nikashika goti papo hapo. Nikawaza: mgonjwa hujuliwa hali. Nikapanga viti vyote sebuleni, nikachemsha birika zima la chai. Hakuja mtu. Nimekunywa mwenyewe mpaka tumbo likauma. Binti yangu kapiga simu, kauliza mbona nakohoa. Nikamwambia tutaongea baadaye, nina wageni. Alifurahi kweli kweli. Nikabaki na simu mkononi, roho inaniuma.

Jumapili, 10 Machi
Nesi kaja! Goti hakuliulizia. Kaangalia raba mlangoni, kisha kasema kwa upole: kaka yangu, shati lako hulowa kila siku lakini viatu havijaonja vumbi. Njia ya mwongo fupi. Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe hakuja kunisuta. Kasema tangu mumewe afariki, kinachomtoa nje asubuhi si afya, ni ule ukimya wa nyumba. Kesho kikundi kinapumzika. Atanigongea, tutembee polepole, wawili tu, tupige soga. Kanywa vikombe viwili. Kiti chake sijakirudisha ukutani.

Jumatatu, 11 Machi
Nimeamka na furaha ya ajabu. Kosa langu sasa nalijua: vumbi! Nikazipaka raba udongo wa bustanini, nikazisugua ukutani. Ya kushoto ikakolea vizuri. Ya kulia bado inang'aa. Nesi akagonga. Angenionaje na kiatu kimoja kisafi? Nikajibanza nyuma ya mlango. Akagonga tena, akaita, akangoja. Kisha nikasikia hatua zake zikienda, polepole, peke yake.

Si kitu. Raba zote zimekolea sasa, hata Kinyozi hawezi kunikamata. Nimesimama getini, namngoja apite akirudi. Ndoo nimeshaijaza.