Jinsi Nilivyowapandisha Watu Mlima Nyamagena

Jumatatu, 5 Mei

Mvua tangu alfajiri. Nguo hazikauki, kuni hazishiki moto, Mama haongei. Lakini mimi, Duke Momanyi, miaka kumi na tisa, kidato cha pili na nusu, nina habari kubwa. Kamati ya Mlima Nyamagena inatafuta kiongozi wa wageni. Mmoja tu! Atapewa buti, koti la mvua na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Tunaoitaka kazi ni wawili. Kila mmoja atapandisha wageni mara moja, kisha kamati iamue Jumatatu ijayo.

Mama alinisikiliza huku anapepeta wimbi. Alipomaliza akasema Baba mdogo Jasper amepiga simu kutoka Itumbe. Kuna nafasi ya kuchuma majani chai. Nisipopata kazi hii ya mlima, Jumanne ijayo niwe kwake.

Itumbe! Kikapu mgongoni, umande hadi kiunoni, na Mama abaki hapa na ng'ombe mmoja na kaburi la Baba. Sitaki. Nilimwambia chai inaharibu vidole.

Na mlima naujua, bana. Wale mafundi wa mlingoti wa simu, nani aliwafikisha kileleni? Marehemu Baba. Ukweli wenyewe, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu: kileleni nimefika mara moja, nikiwa na miaka sita, nimekaa mabegani mwake. Nakumbuka masikio yake. Njia sikuiangalia. Baadaye aliniita twende tena, mara nyingi tu. Nilikuwa na shughuli. Pool table ya Nyamarambe haichezi yenyewe.

Jumanne, 6 Mei

Mpinzani wangu ni Ian, kijana wa duka la mbolea. Miguu mirefu kama korongo, maneno machache kama benki. Kila asubuhi anapanda mlima na jembe, anachonga ngazi kwenye tope. Leo sokoni nilimuuliza mbele ya watu kama anaandaa njia au anapanda viazi. Watu walicheka hadi mama wa ndizi akashika mbavu. Ian hakucheka. Alisema mvua imebomoa njia ya zamani pale juu, twende kesho anionyeshe palipo salama.

Hila hiyo! Nilimwambia nilikuwa kileleni yeye akiwa bado anavaa kaptula ya shule. Akaniuliza nilipitia wapi. Nikamwambia nilipitia juu.

Wageni wangu wametajwa. Bwana Ahmednoor, muuza vitambaa wa Kisii mjini, dada yake Istarlin na binti yake Ladan. Wanataka kuliona Ziwa kutoka kileleni. Nimempigia simu. Nimemhakikishia Ziwa litaonekana hadi samaki wake.

Jumatano, 7 Mei

Balaa. Wageni wanaweza kuja Jumamosi alasiri tu, Jumapili wana harusi. Na Jumamosi ni Sabato! Katika nyumba ya Mama hakuna kazi mpaka jua lizame. Mbaya zaidi, mwenyekiti wa kamati, Mzee Machogu, ndiye mzee wa kanisa letu. Nikimwomba ruhusa, ananitoa kwenye kazi hii na kwenye kwaya siku moja.

Ian ni Mkatoliki. Alijitolea tubadilishane, yeye achukue Jumamosi na mimi nichukue wageni wake wa Jumapili. Eti ananihurumia! Nikakataa.

Nililala chali nikafikiri. Likanijia. Si kila Sabato alasiri vijana wa kanisa hutoka matembezi, wakaangalia kazi ya Mungu na kuimba? Kutembea si kazi. Basi matembezi ya wiki hii yawe Nyamagena. Na wageni wangu wawe wageni wa kanisa!

Nikamwendea Mzee Machogu. Nikamwambia kuna familia ya mjini yenye kiu ya kusikia mafundisho yetu. Mzee alivua miwani akapangusa macho. Akasema atapanda mwenyewe, na goti lake hivyo hivyo.

Kisha nikampigia Bwana Ahmednoor. Nikamwambia tutasindikizwa na kikundi cha waimbaji, ni sehemu ya huduma. Akasema haya, mashallah.

Uongo mdogo mara mbili. Mmoja mfuko wa kushoto, mwingine wa kulia. Mifuko hiyo haiwezi kukutana.

Ijumaa, 9 Mei

Ukungu mchana kutwa. Nilikuwa napiga suruali pasi Mama akaja akasimama mlangoni. Akaanza kunieleza alivyosema Baba kuhusu mlima wakati wa masika. Kwamba ukifika kwenye jiwe lililopasuka, usifuate njia pana, ufuate ile inayoonekana kama si njia. Nikasema ndio Mama, ndio. Pasi ilikuwa inapoa.

Akatoka kwenye mvua. Nilimwona akiokota majani juu ya kaburi, moja moja, kama mtu anayetoa nyuzi kwenye shati. Sikutoka. Suruali ilikuwa na mikunjo safi kabisa.

Jumamosi, 10 Mei

Sijui nianzie wapi.

Saa nane tulikuwa chini ya mlima. Vijana kumi na wawili wa kwaya, Mzee Machogu na begi la vitabu, na wageni. Ladan, binti wa miaka kama kumi na saba, alitazama suruali yangu akauliza kama naenda mlimani au mahakamani. Nikamwambia kiongozi wa kweli hachafuki tope.

Mwanzo ulikwenda vizuri sana. Niliongea bila kupumua. Kila mti niliupa jina. Ladan alisema miti mitatu tofauti nimeiita jina moja. Nikamwambia ni ndugu. Jiwe moja kubwa nililiita Kiti cha Mfalme, nikaeleza mfalme alikaa hapo akitazama Ziwa. Shangazi Istarlin, mama mpole mwenye pumzi fupi, alisikiliza kwa heshima. Mzee Machogu alikunja uso. Alisema amezaliwa hapa na hajawahi kusikia mfalme.

Tukafika kwenye jiwe lililopasuka. Njia mbili. Moja pana, nyingine kama imechorwa na panya. Nikakumbuka Mama alisema kitu. Alisema pana, au alisema si pana? Wageni wananitazama. Nikachagua pana. Kiongozi hasiti!

Ukungu ukashuka. Baada ya dakika chache sikuona mkono wangu. Kwaya ikaacha kuimba, mmoja baada ya mwingine. Tukazunguka, tukapanda, tukashuka, na mbele yetu jiwe. Nikatangaza: hili ni Jiko la Mfalme. Tukazunguka tena. Jiwe. Nikatangaza ghala lake. Ladan akasema ni jiwe lile lile, na huyu mfalme anahamahama sana, labda ana kesi.

Wakati wa alasiri Bwana Ahmednoor akamwomba Mzee Machogu kwa adabu amwonyeshe mahali tambarare pa kuswali. Mzee akafurahi, akafumba macho, akaanza kumwombea. Mgeni akangoja mpaka amina. Kisha akamuuliza kama yeye ndiye mkubwa wa waimbaji waliokodiwa. Waimbaji! Mzee akasema yeye amekuja kumpa mafundisho aliyoyaomba. Bwana Ahmednoor akasema ameomba kuliona Ziwa tu.

Wakanigeukia wote wawili pamoja. Mifuko yangu ilikutana.

Nikasema natangulia kutafuta njia. Hatua tano tu! Udongo ukaondoka chini ya mguu wangu. Nikadaka kichaka. Mawe yaliviringika, nikayasikiliza yakienda, na sikusikia yakifika. Shangazi Istarlin, aliyekuwa nyuma yangu kwa sababu aliniamini, akateleza akaanguka. Kifundo cha mguu kikavimba kama embe.

Nilimvuta nikamweka juu. Tukakaa chini kwenye matope, mvua ikaanza. Hakunigombeza. Aliniuliza ni nani aliyenifundisha mlima huu. Nilikuwa na jibu zuri tayari, sijui lilipotelea wapi. Nikasema baba yangu aliujua wote. Mimi sikumsikiliza. Akaweka mkono wake kichwani mwangu, mzito, na maji ya mvua yakawa mengi usoni.

Saa kumi na moja tukasikia sauti. Ian! Mama alikuwa ametembea mpaka kwao, Sabato, kwenye mvua, akamwambia nimepanda. Ian akatushusha kwa njia ya panya, ngazi kwa ngazi. Kila ngazi ameichonga kwa jembe. Nilimbeba Shangazi mgongoni. Mbele yangu Mzee Machogu na Bwana Ahmednoor walishikana mikono wasianguke. Walielewana vizuri sana. Walikuwa wananizungumzia mimi.

Jumapili, 11 Mei

Mguu wa Shangazi haukuvunjika. Asante Mungu. Mama amefua suruali yangu bila kuombwa.

Jumatatu, 12 Mei

Kazi ni ya Ian. Buti, koti, kitambulisho. Mzee Machogu alisoma maoni ya Bwana Ahmednoor mbele ya watu wote: kijana huyu anaongea vizuri kuliko yeyote niliyewahi kumlipa, ila nampendekeza kwa kazi ya kukaa. Walicheka. Hata mama wa ndizi. Mimi nilipiga makofi kwa sauti kuliko wote.

Jioni Mama alifunga nguo zangu kwenye mfuko. Aliniambia, "Enda, tata." Tata ni baba. Ananiita hivyo akiwa na huzuni. Nilimwambia nitarudi na gari. Akasema nirudi tu.

Jumatano, 14 Mei

Itumbe. Baridi ya kukata meno. Vidole vyangu ni vya mtu mwingine. Wachumaji wananiita Kwaya, sijui nani amewaambia.

Ila nimegundua jambo! Kutoka mashamba ya juu hadi kituo cha kupimia majani, watu wanazunguka bonde zima, saa nzima na kikapu kimejaa. Wajinga! Ukisimama juu unaona kabisa pa kukatiza, kupitia mikaratusi, chini ni kijani safi. Nimemweleza Mama Nyasani, mchumaji mkongwe, na wenzake watatu. Nimewaambia nina uzoefu wa milima, nimepandisha hadi matajiri wa mjini. Kesho wananifuata.

Usiku huu Baba mdogo Jasper alisema tuamke mapema tutembee wote, anionyeshe palipo na kinamasi. Ana sauti ya Baba kabisa, ukifumba macho. Nilimwambia alale tu, asijisumbue. Bonde lenyewe nimeshaliona.