Gari la Mzee Boga Litaimba

Jumatatu, 5 Julai 1999

Leo nimeropoka. Nakiri humu daftarini tu, kwa kuwa daftari halina mdomo.

Mzee Boga alituita mimi na Baya kwake Msambweni. Tukampa shikamoo zetu, akatupa kahawa na habari mbaya. Amechoka. Gari lake ni moja, Toyota nyeupe iliyotoka Japani, na madereva wa teksi hiyo ni wawili: wiki yangu, wiki ya Baya. Kila bodi ikibonyea mimi nasema ni Baya, na Baya ananyamaza. (Kunyamaza ndiyo hila yake. Simwamini mtu asiyejitetea.) Sasa Mzee anataka dereva mmoja tu. Jumamosi mpwa wake, Mejumaa, anatolewa Vanga kuletwa kwa mumewe Ukunda. Wiki ni yangu, nitaendesha mimi. Watu wa harusi wakiridhika, gari nitabaki nalo. Likija lalamiko hata moja, gari ni la Baya.

Hapo ningesema inshallah, ingawa mimi ni Mkristo, nikanywa kahawa yangu nikaenda. Lakini bwana harusi alikuwepo. Anaitwa Chome, ni mhudumu wa hoteli kule Diani, na amezoea mambo ya wageni. Akauliza kama gari linapiga CD, maana anayo moja ya nyimbo za mapenzi. Baya akasema redio ile ni ya kaseti. Ukweli mtupu! Mimi nikasema gari litaimba CD kutoka Vanga mpaka mlangoni pa mama mkwe.

Diskmani ninayo, ile mashine ndogo ya CD ya kubeba mkononi. Niliachiwa na Mswisi mmoja kwenye kiti cha nyuma, mwezi wa Mei. Hakusema chukua. Hakusema usichukue pia. Kisha akapanda ndege.

Jumanne, 6 Julai

Redio ya gari haina tundu la kuchomeka waya. Nimeitafuta mbele yote. Vitufe vyote vimeandikwa Kijapani. Nikaamua kuingilia kwa nyuma.

Bisibisi sina, nikatumia kisu cha mkate. Kabla ya kugusa waya nilitoa ncha ya betri kwa usalama. Watu wengi wasingelifikiria hilo. Redio ikatoka, na nyuma yake nikakuta waya kumi na nne za rangi kumi na nne. Nikairudisha haraka. Nikarudisha na betri.

Redio ikawaka, ikaonyesha vistari vitatu vinavyopepesa. Haipigi kaseti. Haishiki stesheni. Nikakimbia kwa Griffin, fundi wa redio karibu na soko la Ukunda. Alicheka mpaka akaweka chini chuma chake cha kulehemu. Akasema redio inadhani imeibwa. Hizi za Japani, betri ikitolewa, hujifunga mpaka zipewe namba yao ya siri. Na ukikosea mara tatu, kwaheri.

Nikabonyeza 999 ya polisi. Hapana. Nikabonyeza namba ya wimbo wa ufunguzi kanisani Jumapili iliyopita. Hapana. Nimebakiwa na moja.

Nikamzunguka Baya. Nikamwuliza, kwa udadisi tu, kama redio kama ile huwa na namba. Akasema ndiyo, Mzee Boga aliiandika kwa kalamu kwenye ukurasa wa mwisho wa kitabu cha gari, kile cha Kijapani kilichomo kwenye droo ya mbele. Hakuuliza ninaitakia nini. Hila!

Nimefungua droo. Kitabu hakimo. Na nimekumbuka kilipo. Mungu wangu.

Jumatano, 7 Julai

Kitabu nilimpa Kaluki. Kaluki ni dada wa kwetu Kitui, anauza njugu stendi ya Ukunda. Wiki iliyopita aliishiwa na karatasi za kufungia, na mimi nilikuwa na kitabu kizima ambacho hakuna Mkenya wa kukisoma. Akanipa njugu za bure siku tatu. Nilijiona mjanja sana.

Leo saa mbili asubuhi nilimkuta amekwisha kukichana chote na kukiviringisha. Vifuko sitini vya njugu kwenye sinia, kila kimoja na Kijapani chake. Nikamwomba tuvifungue. Akakataa katakata. Njugu zikishafunguliwa hazinunuliki, akasema, kwa hiyo ninunue nile.

Nikanunua nikala. Vifuko kumi vya kwanza vilikuwa vitamu. Nikapata ukurasa wa kubadilisha gurudumu na ukurasa wa kumfunga mtoto mkanda. Kufika cha ishirini, taya ziligoma. Nikaanza kugawia wapita njia kwa sharti wanirudishie karatasi, nao wakanitazama kama mgonjwa. Mmoja aliondoka na karatasi yenye wino. Nilimfukuza mpaka njia panda ya Diani, akadhani namwibia, akaita watu. Wino wenyewe ulikuwa alama ya kubadilisha oili.

Vifuko arobaini na moja. Kisha nikamwona Kaluki anapepea jiko lake kwa karatasi ngumu. Jalada la nyuma, pamoja na ukurasa wa mwisho! Alikuwa nalo mkononi tangu asubuhi. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema sikusema natafuta nini, nilisema tu nataka njugu.

Namba ni 4, 7, na ya tatu imeunguzwa na cheche. Ama ni 1 ama ni 7.

Alhamisi, 8 Julai

Tumbo. Sitaandika zaidi kuhusu asubuhi.

Alasiri nilifumba macho nikabonyeza 471. Ikafunguka! Nilipiga kelele mpaka askari wa geti la hoteli akaja na rungu.

Likabaki swali la kuunganisha. Griffin akavuta droo yake akatoa kaseti bandia yenye mkia wa waya. Kaseti unaitia mdomoni mwa redio, mkia unauchomeka kwenye diskmani, basi. Haina kufungua kitu. Akasema ningemfuata Jumatatu ningeondoka nayo Jumatatu. Nikamwambia mtu makini huanza kwa kuielewa mashine.

Ijumaa, 9 Julai

Nimeijaribu kwenye lami. Sauti safi! Nilipita stendi madirisha wazi, na madereva wa teksi wote wakageuka. Kisha nikapanda tuta, na mwimbaji akaruka mstari mzima. Diskmani haitaki kutikiswa. Na Lunga Lunga mpaka Vanga ni kilomita kumi na nane za mashimo.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimechukua kiondo alichonisukia mama, nikakitandika taulo, nikalaza diskmani ndani, nikakining'iniza kwa mpira wa tyubu kwenye kishikio cha juu ya mlango wa nyuma. Gari likiruka, kiondo kinabembea. Madereva wawili walitikisa gari huku na huku, wimbo haukukatika hata kidogo. Nasikia Wajapani hulipa watu kwa mawazo kama haya.

Baya akapita, akaangalia, akauliza kwa upole ni kichwa cha nani kitakaa hapo chini. Nikamwambia wivu utamwua.

Jumamosi, 10 Julai

Vanga, walipanda wanawake wanne. Bibi harusi amefunikwa kanga, shangazi yake Bi Mwanakombo kando yake, na majirani wawili wenye vugo, ile pembe inayogongwa kwa kijiti. Wakaanza kuimba wenyewe. Waliimba vizuri mno. Hakuna aliyeulizia CD. Kila mtu alifurahi, na mimi nilikuwa nimekwisha kushinda. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga mafuta tu.

Lakini niliahidi. Nikanyoosha mkono. Bi Mwanakombo akaniomba, mwanangu, acha kwanza tummalizie bibi harusi wimbo wake. Nikasema dakika moja tu, mama. Nikabonyeza.

Wimbo wa Chome ulipiga nusu dakika. Kisha shimo. Kiondo kiliruka kikampiga Bi Mwanakombo kwenye paji la uso, kikarudi kikampiga tena. Mwimbaji akanasa kwenye neno moja akaanza kwikwi: be-be-be-be-be. Nikajaribu kutoa kaseti, redio ikaing'ang'ania. Nikabonyeza kitufe cha Kijapani nilichodhani ni cha kuzima. Kilikuwa cha kuongeza sauti.

Kwa desturi, bibi harusi hutoka kwao ameinamisha uso, kimya, ana majonzi ya kuwaacha wazazi. Kwenye kioo nilimwona Mejumaa anatetemeka chini ya kanga. Nikafurahi, nikasema angalau analia inavyopasa. Hakuwa analia. Alicheka mpaka Lunga Lunga, ambako polisi wa kizuizi walikuja kusikiliza. Alicheka Msambweni yote. Shangazi alimfinya, majirani walimfinya, wanja ukamtiririka mpaka kidevuni. Ukunda, mama mkwe alitoka na udi na marashi, Mejumaa akainua uso kumwamkia, akasema shikamoo, na kabla ya mama kuitika akaangua kicheko. Kwikwi ilikuwa bado inasikika garini.

Jumapili, 11 Julai

Malalamiko ni mawili. Mama mkwe anasema amechekwa usoni mlangoni pake. Bi Mwanakombo alimwonyesha Mzee nundu tu.

Mzee Boga alimpa Baya ufunguo mbele yangu. Hakunifokea. Angefoka ningejibu. Nilitoka nikiwaza nitakula nini, kwa sababu nina miaka tisa Ukunda na kazi nyingine siijui. Chome peke yake alinisindikiza. Akasema mkewe bado anacheka, na kwamba Mejumaa alikuwa ameogopa harusi hiyo mwezi mzima, sasa haogopi.

Jumanne, 13 Julai

Baya amekuja chumbani kwangu. Amekaa kitandani, akasema siku saba mfululizo zitamchosha. Amemwomba Mzee, naye Mzee amekubali: Jumapili gari ni langu. Sharti moja. Nisiiguse redio. Nisiitazame. Nikaapa kwa Biblia.

Nilikaribia kulia. Nimemwandika vibaya mtu huyu kwa miaka miwili. Namwomba radhi humu, kwa kuwa usoni siwezi.

Jumapili, 18 Julai

Siku yangu ya kwanza. Nimeendesha kwa adabu, hakuna aliyelalamika. Redio sikuigusa, Mungu ni shahidi, hata macho niliyakwepesha upande wa chini.

Na huko chini nikaona tundu la kuwashia sigara. Griffin anasema tundu lile lina umeme wa kutosha televisheni ndogo, na anayo moja, imepasuka kona tu. Nimekumbuka maneno ya Baya moja baada ya jingine. Alitaja redio. Televisheni hakuitaja kabisa.

Jumapili ijayo nina abiria wanne wa Tiwi. Nimewaahidi wataangalia mpira njia nzima.